Thika United Walishuka 2018 na Hawajarudi: Je, Timu za Chuo Zinaweza Kuokoa Futaa ya Thika Road?

Muulize kijana wa miaka 16 pale Mwiki akutajie kikosi cha Arsenal. Atakupea wote 11, wa akiba, na namba za mgongo. Sasa muulize Thika United ilikuwa nini. Atakuangalia vile konda huangalia msee ameingia mathree akidai kulipa kesho.

Na si makosa yake. Thika United walishuka kutoka Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2018, na mpaka leo hawajawahi kurudi. Mtoto ambaye alikuwa darasa la tatu wakati huo saa hii ameanza kunyoa ndevu. Kwake hiyo timu ni stori ya mabuda.

Lakini wasee, hii stori inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwiki tuko mbili: kuna ya Kasarani, ile unapanda 17B, na kuna ya Ruiru, wadi kamili ya Kaunti ya Kiambu. Zote ziko katikati ya barabara moja inayotoka jiji mpaka Thika, karibu kilomita 50. Kwa hiyo barabara kuna vyuo vikuu, kuna makampuni, kuna viwanja, na kuna vijana wengi kuliko kazi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mji wa Ruiru peke yake. Swali ni rahisi: mbona sehemu iliyojaa hivi ipoteze timu ya ligi kuu kwa msimu mmoja mbaya, na isiamke tena?

Kilichofanyika ni nini?

Turudi nyuma kidogo. Thika United hawakuwa timu ya kuokota. Walianza wakibeba jina la Brookside, hao wa maziwa wenye kiwanda Ruiru, kabla ya kuchukua jina la mji. Nyumbani kwao kulikuwa uwanja wa Thika, na walikaa ligi kuu miaka mingi, wakati timu kadhaa zenye majina makubwa zilikuwa zinapanda na kushuka kama lifti.

Na walitoa wachezaji, mazee. Francis Kahata, fundi wa mguu wa kushoto, alipitia Thika United kabla ya kwenda KF Tirana kule Albania, akarudi Gor Mahia, kisha akavuka mpaka kuchezea Simba ya Dar es Salaam. Dennis Odhiambo alikuwa nahodha wa Thika United kabla ya kuhamia Sofapaka. Hao wawili wote walikuwa na Harambee Stars kwa AFCON ya 2019 kule Misri. Yaani Kenya ilipopata nafasi yake ya kwanza kwa AFCON baada ya miaka 15, Thika ilikuwa imechangia wasee wawili. Lakini kufikia hapo, timu iliyowakuza ilikuwa imeshatoka ligi kuu.

Mwaka wa 2018 ligi ilikuwa na timu 18, kwa hivyo mechi 34. Ni safari ndefu. Msimu ulipoisha Oktoba, Gor Mahia walikuwa mabingwa, na Thika United wakashuka pamoja na Wazito. Mwezi uliofuata, tarehe 6 Novemba 2018, Gor hao hao walikuwa Goodison Park, Liverpool, wakicheza na Everton. Walichapwa 4-0, sawa, lakini walikuwa huko. Kwa mwaka huo mmoja timu moja ya Kenya ilikanyaga nyasi za Ligi Kuu ya Uingereza, na nyingine, yenye ilikuwa inacheza nayo wikendi, ikapotea kwa ramani.

Wazito walirudi mwaka uliofuata, wakisukumwa na doh ya mwekezaji wa kigeni. Thika United hawakurudi. Hapo ndipo kuna somo.

Kushindwa si ugonjwa

Tuelewane kwa jambo moja. Msimu mbaya ni kitu cha kawaida. Kila timu hupata. Straika anaumia, kocha anagombana na wachezaji, refa anakunyima penalti mbili, ghafla uko mkiani na kila mtu anaongea kuhusu uchawi.

Hata kule Marekani, ambapo timu za chuo za ule mchezo wao wa gozi la yai hujaza viwanja kuliko Kasarani, hii hutokea. Chuo Kikuu cha Florida State mwaka wa 2023 kilishinda mechi 13 mfululizo, kikapoteza ile ya mwisho peke yake. Msimu uliofuata, 2024, kilishinda mechi 2 na kupoteza 10. Si kushuka huko, ni kuruka kutoka orofa ya kumi. Mashabiki walilia, wengine walitaka kocha afukuzwe usiku huo huo. Lakini hakuna mtu alijiuliza kama timu itakuwepo mwaka ujao. Ilijulikana itakuwepo, kwa sababu chuo kipo, uwanja upo, na wanafunzi wapya wanaingia kila mwaka.

Huku nyumbani tuna mfano wetu. Mathare United, mabingwa wa Kenya wa 2008, walishuka mwaka wa 2023. Wengi walisema hiyo ndiyo imeenda. Mwaka mmoja baadaye, 2024, walipanda tena. Walifanyaje? Mathare hawakuanza na kampuni. Walizaliwa na MYSA, ule mradi wa vijana wa Mathare ulioanza 1987, wenye watoto hucheza mpira na kusafisha mtaa. Unaweza kupoteza mechi, unaweza kupoteza kocha, lakini mtaa hauhami. Chini ya timu kubwa kulikuwa na watoto wengi wakisubiri zamu yao.

Angalia pia Shabana wa Kisii. Walikaa nje ya ligi kuu miaka 17, wakarudi 2023. Miaka 17! Mtoto anazaliwa, anamaliza shule, anachukua kitambulisho. Na waliporudi, Gusii Stadium ilijaa kama kanisa siku ya Krismasi, kwa sababu mashabiki hawakuwahi kuenda mahali.

Kwa hivyo mabao ya 2018 hayatoshi kueleza mbona Thika United hawajarudi. Timu ikishindwa kwa uwanja hujifuta vumbi. Ikiwa chini yake hakuna watoto, hakuna mashabiki na hakuna mtu anasema "hii ni yetu", kuanguka mara moja kunatosha.

Piga hesabu ya doh

Wengi wetu huona mpira ni dakika 90. Wacha tuone zingine.

Chukua timu ya watu 25: wachezaji, kocha, daktari, wa vifaa. Mna mechi Mombasa. SGR ya kawaida ni Sh1,500 kwenda, na kurudi vile vile. Hiyo ni Sh75,000 nauli peke yake. Hujalala, hujakula, hujatoka stesheni ya Miritini kufika mjini. Kwa ligi ya timu 18, mna mechi 17 za ugenini. Zingine ni karibu, sawa, lakini zingine ni Kisumu, Kakamega, Mombasa. Ongeza mishahara, kukodi uwanja, ambulensi, maji, bandeji na kusajili wachezaji. Hapo ndipo unaelewa kwa nini msee wa timu hupokea simu ya landilodi akiwa kwa mazoezi.

Sasa hiyo pesa hutoka wapi? Kwa tiketi za langoni? Toa Gor, AFC na Shabana, mechi nyingi za ligi yetu unaweza kuhesabu mashabiki na vidole na ukabaki na vidole vya kushika soda. Kwa runinga? SuperSport walivunja mkataba wao na ligi mwaka wa 2017, baada ya vita vya kuongeza timu kutoka 16 hadi 18. Kwa kampuni za kubeti? Januari 2018, serikali ilipopandisha ushuru wa kampuni hizo hadi asilimia 35, SportPesa walisimamisha udhamini wao wa michezo nchini. Walirudi baadaye mwaka huo, wakaondoka tena 2019 wakati wa zogo la leseni.

Ona hiyo kalenda vizuri. SuperSport wanatoka 2017. SportPesa wanajiondoa mwanzo wa 2018. Thika United wanashuka mwisho wa 2018. Hatusemi kimoja kilileta kingine moja kwa moja, kwa sababu timu zingine zilipitia moto huo huo na zikabaki. Lakini mvua ikinyesha, nyumba yenye nguzo moja ndiyo huanguka kwanza.

Na Thika hawakuwa peke yao. Nakumatt FC walinusurika 2018, lakini duka lililowapa jina lilikuwa linafunga matawi kila kukicha. Wakabadilisha jina wakawa Mount Kenya United, na msimu uliofuata wakashuka. SoNy Sugar, mabingwa wa 2006, walifukuzwa kutoka ligi Novemba 2019 baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu. Chemelil Sugar wakafuata mlango huo huo msimu huo. Supamaketi, sukari, sukari. Kampuni ikipata homa, timu inaingia wadi.

Timu ya kampuni, timu ya mtaa, timu ya chuo

Tukiangalia vizuri, Kenya timu huwa na wazazi wa aina tatu.

Wa kwanza ni kampuni au idara ya serikali. Huyu ana doh, na mchezaji hulipwa kwa wakati. Tusker, KCB, Bandari na Kenya Police, waliobeba taji lao la kwanza msimu wa 2024/25, wote ni watoto wa huyu mzazi. Hata Thika leo ina Bidco United, watoto wa kampuni ya mafuta ya kupikia, waliopanda ligi kuu mwaka wa 2020 pamoja na Nairobi City Stars. Tuwape heshima yao. Bila wao, Thika ingekuwa imelala kabisa kwa upande wa wanaume. Lakini muulize mtu wa Mwiki kama Bidco ni timu yake. Atakwambia ni mafuta. Maziwa yaliondoka, mafuta yakaingia, na mwenye mji bado ni mtazamaji.

Mzazi wa pili ni mtaa au jamii. Mathare, Shabana, Gor, AFC. Huyu mara nyingi ni msoto, mishahara huchelewa, lakini ana roho ngumu. Hata akilala njaa haachi watoto.

Mzazi wa tatu ndiye hatumwongelei: chuo. Na kama kuna barabara Kenya nzima inafaa kumwongelea, ni Thika Road. Hesabu na mimi kutoka mjini ukielekea Thika: KCA iko Ruaraka, USIU iko karibu na Roysambu, Kenyatta University iko Kahawa, Zetech iko Mang'u, JKUAT iko Juja, na Mount Kenya University iko Thika yenyewe. Hujaweka vyuo vya ufundi. Hiyo ni barabara moja! Maelfu ya vijana wa kati ya miaka 18 na 24, umri wenyewe wa kucheza mpira, wamekusanywa mahali pamoja, na wengi wao wana uwanja nje ya dirisha la hosteli.

Mbona chuo kinaweza?

Moja, chuo hakihami. Bei ya maziwa ikipanda ama kushuka, JKUAT itabaki Juja.

Mbili, chuo kina vitu ambavyo timu ya kawaida hulipia: uwanja, malazi, kliniki, basi, ukumbi wa mazoezi. Ile orodha tulipiga juu, nusu yake tayari iko ndani ya geti.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, chuo kinaweza kumlipa mchezaji na kitu ambacho goti likivunjika hakiishi: karatasi. Kijana wa Mwiki mwenye kipaji leo ana njia mbili. Aache masomo afuate timu isiyomlipa, ama aache mpira afuate masomo ambayo mzazi hawezi kulipia. Akipewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mguu wake, hachagui. Akiumia akiwa na miaka 22, bado ana kitu cha kuweka mezani.

Na si ndoto. Akina dada tayari wameonyesha njia. Zetech Sparks, timu ya chuo, wamecheza Ligi Kuu ya wanawake dhidi ya timu kubwa za nchi bila kuomba msamaha. Na tukiwa hapo, mji wa Thika una sifa ambayo wanaume wa Thika hawajawahi kuileta: Thika Queens walibeba taji la Ligi Kuu ya wanawake msimu wa 2020/21. Wakati sisi tunalia kuhusu Thika United, madem walikuwa wanainua kombe, na wengi wetu hatukuenda hata kuwaona. Hapo tujilaumu wenyewe, si kampuni.

Angalia majirani. Uganda walianzisha ligi yao ya vyuo vikuu mwaka wa 2012. Inachezwa nyumbani na ugenini, kila chuo kinapokea wageni kwake, na siku ya mechi chuo kizima huwa kwa uwanja na vuvuzela. Walielewa kitu rahisi: mwanafunzi hatashabikia timu ambayo haijawahi kucheza mbele yake. Huku kwetu michezo ya vyuo iko chini ya KUSA, na kuna vipaji kibao, lakini muulize mwanafunzi wa kawaida timu ya chuo chake ilicheza na nani mwezi uliopita. Hajui. Anajua mkeka wake ulichanika kwa mechi ipi ya Uturuki.

Afrika Kusini walienda mbali zaidi. Chuo Kikuu cha Pretoria kina timu, inaitwa AmaTuks. Ilipanda ligi kuu ya huko mwaka wa 2012, ikacheza na akina Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, halafu msimu wa 2015/16 ikawa mbaya, ikashuka. Sasa linganisha na Thika United. AmaTuks hawakupotea. Waliendelea kucheza daraja la pili, wakiendelea kutoa wachezaji. Timu zote mbili zilianguka, lakini moja ilikuwa na pa kuangukia.

Lakini tusijidanganye

Kuna watu wataisoma hii na kusema basi tupee vyuo kila kitu, kazi imekwisha. Pole pole.

Chuo kina shida zake. Mchezaji huhitimu. Ukimjenga straika miaka minne, siku amekomaa ndiyo anavaa joho na kofia, anaenda. Kila mwaka unaanza upya, na msimu mmoja unaweza kujikuta na kikosi kizima cha watoto wa mwaka wa kwanza wanaochapwa kila Jumamosi.

Mitihani haingoji ligi. Ligi ya taifa ikipanga mechi Jumatano saa tisa na mtu ana karatasi saa nane, mnabaki wanane.

Halafu kuna migomo. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba. Masomo yakisimama, wanafunzi hutawanyika ocha, na huwezi kufanya mazoezi ya kona na watu walio Bomet, Kwale na Busia. Timu ya kampuni haina hiyo shida.

Na kuna pesa. Vyuo vyetu vingi vya umma vina madeni ya kutosha kujaza uwanja. Naibu chansela akichagua kati ya kulipa wahadhiri na kununua viatu vya mpira, tunajua ni nini kitangoja.

Ndiyo maana jibu haliwezi kuwa chuo peke yake. Ni chuo, mtaa na kampuni kukaa meza moja. Chuo kilete uwanja, hosteli na ufadhili wa masomo. Kampuni za hapa hapa zilete doh ya safari na mishahara, lakini ziwe zaidi ya moja, ndio moja ikitoka paa lisianguke. Mtaa ulete watoto na mashabiki. Kijana wa Mwiki mwenye miaka 14 awe na mahali pa kujiunga, si kungoja mpaka awe na miaka 20 ndio mtu amwone. Kaunti ya Kiambu, yenye watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2019, ifanye kazi yake moja: viwanja vya Thika na Ruiru viwe vya kuchezewa, si vya kuzinduliwa kila uchaguzi ukikaribia.

Kwa nini hii ni ya sasa hivi

Msee anaweza uliza, kwani lazima tuwe na timu? Si tuna Arsenal, si tuna Man U?

Kumbuka Agosti 2025. CHAN ilikuja Kasarani, hapo tu, kutoka Mwiki unaweza kutembea ukiwa na moyo. Harambee Stars, timu ya wachezaji wa ligi ya ndani peke yao, waliwapiga DR Congo 1-0, wakatoka sare na Angola, wakawapiga Morocco 1-0 wakiwa pungufu, wakawapiga Zambia 1-0. Walitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, na nchi nzima ikalala na kichwa kinauma. Wale si wachezaji wa Uingereza. Ni watu wa ligi hii hii tunayoidharau. Rais aliwaahidi Sh1 milioni kila mmoja kwa kila ushindi, na wiki kadhaa mbele ya hapo ungepita nao Githurai na usiwajue.

Hiyo ilionyesha vitu viwili. Kwanza, vipaji viko. Pili, mashabiki wako pia, wakipewa kitu cha kushabikia ambacho ni chao. Watu waliokuwa wanasema hawawezi kuangalia mpira wa Kenya ndio hao walikuwa wanatafuta tiketi kwa kila kona.

Na AFCON ya 2027 inakuja, Kenya, Uganda na Tanzania. Serikali inajenga uwanja wa Talanta wa watu 60,000. Poa sana. Lakini uwanja haujafunga bao hata siku moja. Swali la wazazi wa Mwiki, Ruiru, Juja na Thika ni hili: siku hiyo, watoto wetu watakuwa wapi? Ndani ya nyasi wakiwa na jezi, ama nje ya geti wakiuza vuvuzela?

Kijana bila timu hakai bure. Saa kumi jioni ana nguvu za kutosha, na kuna watu wengi wanaozitaka. Kuna wa mkeka, kuna wa kumpea kitu cha kuvuta, kuna mwanasiasa anayetafuta wa kurusha mawe. Timu ya mtaa yenye kocha, ratiba na jezi hushindana na hao wote kwa pamoja, na kwa bei ya chini kuliko kujenga selo.

Tuanzie wapi?

Hatuwezi kurudisha msimu wa 2018. Hiyo imeenda na maji. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo havihitaji kamati wala mkutano wa hoteli.

Kama uko chuo kwa hii barabara, tafuta ratiba ya timu yenu, uende hata mechi moja. Si lazima muwe wazuri. Mkichapwa, chapweni mkiwa wengi.

Kama wewe ni mzazi ama mlezi na mtoto wako anajua boli, usimwambie achague kati ya kitabu na kiatu. Uliza vyuo na shule ni wapi wanatoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Wengine wanatoa, na nafasi zingine hukosa watu kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Na kama una biashara hapa, ya hardware, ya mathree, ya chipo, timu ya vijana ya mtaa haihitaji milioni. Inahitaji mipira, maji, na mtu wa kulipa nauli ya mechi moja ya ugenini. Kampuni moja kubwa ikibeba timu yote, siku ikichoka timu inazama. Biashara 30 ndogo zikibeba kidogo kidogo, hakuna siku zote zitachoka pamoja. Haba na haba, wazee walisema, na hawakuwa wanaongea kuhusu kibaba peke yake.

Thika United walitupea Kahata. Walitupea Odhiambo. Walitupea jina la mji wetu kwa jedwali la ligi kuu kila Jumatatu asubuhi. Walipoanguka, hakuna mtu wa Mwiki, wa Ruiru wala wa Thika aliandamana, na hatukuwa na sababu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuambia ilikuwa yetu. Timu itakayofuata, iwe inavaa nembo ya chuo ama ya mtaa, itapata msimu mbaya pia. Itachapwa mechi tano mfululizo, na kocha atatukanwa mpaka na mtoto wa nasari. Siku hiyo ndiyo itajulikana ni timu ya nani.